Kocha wa mazoezi mtandaoni akiwa Tanga: achague kundi gani la wateja?

#1 KochaRaskazone
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha mazoezi jimu hapa Tanga mjini, na Jumamosi alfajiri naongoza kikundi cha jogging kinachoanzia Raskazone, kinapita Bombo na kuzungukia Jamhuri. Sasa nataka kufundisha kwa simu: ratiba ya wiki, vidio fupi, na kufuatilia watu kwa WhatsApp.

Wazoefu wote wananiambia neno moja: usimfundishe kila mtu, tafuta kundi lako. Nakubaliana nao. Ukitangaza "punguza uzito, jenga mwili" unagombea mteja na kila mwenye simu, na wengi wanatoa vidio bure YouTube. Ninachouliza ni kundi lipi.

Ninayo matatu. Kwanza vijana wanaojiandaa na usaili wa majeshi. Hao nawajua, nimewakimbiza sana pale ufukweni. Pili wanaume wa maofisini na bandarini, wenye kitambi na presha inayonyemelea. Hao wana hela. Tatu kina mama waliojifungua. Hao wananitafuta wenyewe, kila mara naulizwa tumbo litarudi lini.

Dai langu, na mnipinge kwa hoja: kundi lichaguliwe kwa kile kocha anachokijua zaidi. Hela na wingi wa maulizo vije baadaye. Kwa hiyo naelekea kwa vijana. Mnasemaje?

#2 DukaLaMadera
Nakupinga kaka. Nauza madera na vitenge mtandaoni, na mteja hajawahi kuniuliza ninajua nini. Anakuja na shida yake. Akiona maneno yako yanaitaja shida hiyo, anasimama. Asipoiona, anapita.

Halafu hao vijana. Akifaulu usaili anaingia kambini, simu inabaki nyumbani, umempoteza. Akikosa, amekata tamaa, umempoteza pia. Kundi ambalo mteja anaondoka hata ukimfanyia kazi nzuri litakufanya utafute watu wapya kila mwezi mpaka uchoke.

Fungua ujumbe wa hao kina mama, usome neno kwa neno. Sidhani kama kuna aliyekuandikia "nataka afya bora baada ya uzazi". Watakuwa wamesema "nguo zangu za sendoff hazipandi" au "naulizwa kama nina mimba nyingine". Tangazo lako limo humo humo.

#3 KijanaWaUsagara
Dada #2, kuhusu vijana sikubali. Anayelipa ni mzazi, au kaka mtu aliyeko kazini. Mzazi aliyehangaika na ada miaka yote hashindwi elfu kumi na tano kumwandaa mwanawe. Na aliyefaulu ameacha mtaa mzima nyuma yake unaouliza alijiandaaje. Mtaani kwetu mmoja alipochukuliwa, wenzake wote walitaka kujua nani alikuwa anamkimbiza alfajiri. Huyo kocha hakuhitaji tangazo tena.

#4 BiMakorora
Salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho kwa upasuaji. Nilijiunga na mwalimu mmoja wa mtandaoni, tukapewa sitapu kila asubuhi, grupu zima jambo lile lile. Nikiinuka, katikati ya tumbo panatoka mwinuko mrefu kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Nikamwandikia, akanijibu niongeze idadi. Hakuwahi kuniuliza nimejifungua lini wala kwa njia gani.

Kaka Kocha, kundi hili lina uhitaji, tena mkubwa. Lakini nikuulize kwa heshima: utamuuliza mke wa mtu habari za mshono wake na mkojo kumponyoka akipiga chafya? Na yeye atakujibu ukweli? Mimi nisingekujibu. Tafuta dada mwenye ujuzi mfanye naye kazi, au tuache.

#5 FizioMstaafu
Hali aliyoieleza #4 inafahamika. Wakati wa ujauzito misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana, kwa kuwa utando unaoiunganisha hutanuka. Kwa wengi pengo hupungua lenyewe miezi ya mwanzo, kwa wengine hubaki. Mama akilala chali na kuinua kichwa, mwinuko ukatokea katikati, asipewe sitapu. Aanzie kwenye pumzi, misuli ya sakafu ya nyonga, na kukaza tumbo la ndani taratibu. Aliyepasuliwa asiguse mazoezi mazito kabla hajaonwa kliniki, kwa kawaida wiki ya 6, na hata akiruhusiwa aende kidogo kidogo. Damu ikiongezeka, mshono ukiuma, au mkojo ukimtoka akiruka, asimame na arudi kwa mhudumu wa afya.

Na hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya tumbo peke yake. Sitapu hujenga msuli uliopo chini. Mafuta hupungua mwili mzima, kila mtu kwa mpangilio wake.

Kocha, kundi hili linataka kusomewa kwanza. Wingi wa ujumbe hautoshi kukuingiza humo.

#6 MgosiWaLushoto
Watu wa Tanga mjini mnapenda kuzungumza! Sisi huku Lushoto tunapanda mlima kwenda shamba, kitambi tunakiona kwa wageni 😀

Kocha, Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 kwa siku na hatua 10,000. Hakuna mwenye muda huo. Basi kundi lako ni watu wasio na muda. Wape dakika kumi za chumbani, umemaliza kazi.

#7 NesiWaZamu
Mgosi, dakika 150 ni kwa wiki. Mwongozo wao wa 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Zamani walitaka kila kipindi kifike dakika 10. Sharti hilo wameliondoa, hata dakika chache zinahesabika. Hatua 10,000 hazitoki kwao. Namba hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964.

Ila hoja yako ya muda siitupi. Mimi nafanya kazi kwa zamu. Nikiwa macho wengine wamelala, na kila ratiba ya mazoezi ninayoiona inaanza na "amka saa kumi na moja alfajiri". Muda huo mimi nabadilisha dripu. Bandarini wapo wa zamu, kiwanda cha saruji wapo, walinzi ndio usiseme. Kundi hilo hakuna aliyelishika.

#8 MgosiWaLushoto
Asante nesi kwa kuniweka sawa. Mlima lakini hauna zamu, karibuni.

#9 MzeeWaMkwakwani
Wanangu, mnazunguka mbali. Coastal Union ilipochukua ubingwa wa nchi 1988 mimi nilikuwa jukwaani, na wenzangu niliokaa nao leo ndio wanaocheza timu za maveterani. Mtu anakaa dukani wiki nzima, Jumapili anafunga viatu na kuingia uwanjani bila hata kunyoosha mguu. Dakika ya ishirini ameshika nyuma ya paja. Jumatatu anashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Hao wana maduka, wana magari, na wanasikilizana. Ukimpata mmoja umepata timu. Fundisha magoti na mapaja ya watu wa miaka 45 kwenda juu, upate kula vizuri.

#10 KimanumanuDamu
Shikamoo mzee. Ubingwa wa 1988 mpaka kwenye uzi wa kitambi? Nyie wa Coastal, Wagosi wa Kaya, hamna habari nyingine 😀

Maveterani nawajua, baba yangu ni mmojawao. Jezi tu wanachangishana miezi mitatu. Na akiumia anataka mtu wa kumkanda, hataki ratiba ya kwenye simu. Kocha atawapata kwa maneno, malipo atayasikia.

#11 MzeeWaMkwakwani
Marahaba. Baba yako wa African Sports ndiye asiyechangia, wa kwetu wanachangia.

#12 AbuuMaskati
Salaam kutoka Muscat. Naona wote mnatafuta wateja ndani ya Tanga wakati kocha anasema anafundisha kwa simu. Faida ya simu iko wapi kama mteja yuko Chumbageni?

Huku Waswahili tupo wengi, wengine wenyeji wa hapa hapa, wengine tuliokuja kazini. Majira ya joto kutembea nje mchana haiwezekani. Tunakula wali na nyama tukiwa tumekaa, gari mpaka mlangoni. Wakufunzi wa Kiingereza na Kiarabu tunao, lakini mtu anataka aambiwe kwa Kiswahili, na anayemwambia ajue wali wa nazi ni nini, amwambie apunguze wapi bila kumkataza. Ratiba za kigeni zinaanza na vyakula ambavyo mke wangu hajui kuvipika wala hataki. Saa zenu na zetu zinapishana moja tu, sisi tuko mbele. Ukianza saa 12 asubuhi kwenu, kwetu saa 1. Inafaa kabisa.

Kundi lako ni lugha na chungu cha nyumbani. Jinsia na umri vitajipanga vyenyewe.

#13 KijanaWaUsagara
Na Uingereza je? Dada yangu yupo huko, analalamika hayo hayo.

#14 AbuuMaskati
Hao wako nyuma ya Tanga saa 3 wakati wa baridi, saa 2 wakati wa kiangazi, maana wanabadilisha saa. Jioni ya huko ni usiku wenu. Kwao vidio za kurekodiwa zitafaa kuliko kipindi cha moja kwa moja.

#15 BodaNguvumali
Nyie mnazungumza Muscat, sisi tunaoshinda kwenye pikipiki tangu alfajiri nani atatutazama? Kiuno kinakaza, mabega yanapanda, mikono inakufa ganzi. Na boda tuko wengi, kila kijiwe kina watu.

Ila niseme ukweli kuhusu bando, maana hapa wengi mtakosea mahesabu. Kipindi cha Zoom nusu saa sikiwezi. Vidio ya sekunde 30, iliyobanwa, ikija WhatsApp usiku naipakua mara moja na kuitazama kila siku. Sauti ni bora zaidi: kocha anaongea, mimi niko kijiweni nasubiri abiria, nafanya. Atakayenifundisha kwa sauti bila kunimalizia bando, buku mbili kwa wiki natoa na wenzangu nawaleta.

#16 DukaLaMadera
@BodaNguvumali hiyo ya sauti ni wazo kubwa, Kocha liandike. Hata mama anayenyonyesha mikono yake haina nafasi ya kushika simu.

#17 UstadhiNgamiani
Assalaam alaykum. Mmetaja watu, mmetaja maumivu, hakuna aliyetaja mwezi. Mji wetu una majira yake. Ikiingia Ramadhani jimu zinabaki tupu, makocha wanalalamika, kumbe watu bado wanataka kufanya mazoezi ila hawajui wakati gani. Wapo wanaojaribu saa nane mchana na koo limekauka. Mwenye kujua ampangie mtu mazoezi mepesi karibu na futari, au ya kujenga misuli baada ya tarawehe akiwa amekula na kunywa. Ampangie na daku isiyomchosha. Kisha Idi inakuja, na baada ya Idi kila mtu anataka kupunguza alichokula kwenye futari, kachori na mikate ya kumimina.

Kocha akijulikana kama mtu wa Ramadhani, ataombwa Tanga, Pangani, Mombasa, Unguja, na huko kwa Abuu.

#18 FizioMstaafu
Ustadhi amesema vizuri. Naongeza tahadhari: anayetumia dawa za sukari, hasa insulini, akifunga na kufanya mazoezi pamoja sukari yake inaweza kushuka vibaya. Huyo aongee na daktari wake kabla ya mwezi kuanza. Na wale wa presha aliowataja Kocha mwanzoni wasibane pumzi wakinyanyua uzito, presha hupanda ghafla.

Kundi lolote utakaloshika, usimwanzishe mtu bila fomu ya maswali: maumivu ya kifua, kizunguzungu, kupoteza fahamu, dawa anazotumia, ujauzito, upasuaji, shida ya maungo. Akijibu ndiyo kwenye la kifua, haanzi mpaka aonwe.

#19 MwalimuPongwe
Nimesoma uzi wote. Kila mmoja amemvuta Kocha upande alipokaa yeye. Boda anataka boda, Abuu anataka Muscat, mzee anataka maveterani. Hii yenyewe ni dalili kwamba kundi halikaliwi chini likachaguliwa. Linajitokeza kazini. Afundishe yeyote atakayekuja kwa miezi kadhaa, aandike kila mmoja alikuja na nini, nani alibaki, nani aliacha wiki ya pili na kwa nini. Waliobaki watafanana kwa jambo fulani ambalo leo hakuna kati yetu anayelijua. Huenda wote ni watu wanaoishi peke yao. Huenda wote waliogopeshwa na daktari mwaka huu. Dai la #1 kwamba ujuzi utangulie lina kasoro, kwa sababu ujuzi nao unaongezeka kwa wale unaowahudumia.

#20 KijanaWaUsagara
Mwalimu, ukimfundisha yeyote, tangazo utaandika nini? "Njooni wote"? Tumerudi kule kule kwa YouTube ya bure. Lazima aanze na mlango mmoja.

#21 DukaLaMadera
Kijana leo tumekubaliana. Na mlango upimwe kwa hela, maana maneno ya "hongera nitajiunga" hayalipi. Weka tangazo moja la kundi moja kwenye stetasi: kwa nani, shida gani, wiki ngapi, bei gani, nafasi chache. Atakayelipa kwenye lipa namba kabla ya kuanza ndiye mteja. Wasipolipa, badilisha maneno kabla hujabadilisha kundi. Wengi wanakimbia kundi zuri kwa sababu ya tangazo baya.

Na picha za kabla na baada ndizo zinazouza, ukusanye tangu siku ya kwanza.

#22 MwanasheriaMtaani
Kwenye picha tusimame. Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2015 nadhani. Picha ya mwili wa mtu na majibu yake ya kiafya huwezi kuyabandika bila ridhaa.

#23 NesiWaZamu
Ya 2015 ni ile ya makosa ya mtandao. Ya taarifa binafsi ni ya 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Msingi wa hoja yako ni sahihi. Ridhaa ya maandishi, na mtu akisema ondoa, iondolewe.

#24 BiMakorora
Hata kwa ridhaa, mji huu ni mdogo. Mwanamke wa Ngamiani akitoka kwenye picha ya tumbo wazi, hata sura ikifichwa watamjua kwa khanga iliyoning'inia nyuma. Nendeni na maelezo ya sauti, au ujumbe wake bila jina. Kocha atakayetangaza kwamba hachukui picha ya mtu atapata wanawake ambao hamjawahi kuwaona jimu. Wengine wetu shida yetu siyo zoezi, ni nani ataniona nikilifanya.

#25 KochaRaskazone
Nimewasoma wote, ahsanteni. Nijibu machache.

Kwa kina mama nimemwelewa Bi Makorora na Fizio. Kuna dada tunayefanya naye kazi jimu, amesomea mambo ya viungo, nimeshampigia. Akikubali, upande huo ni wake, mimi nitabaki na malipo na vidio. Asipokubali, nawaelekeza kwingine.

Kwa vijana sijatoka. #2 ana hoja kwamba wanaondoka, #3 ana hoja kwamba wanaleta wengine, na ninachokiona kwenye kikundi chetu ni vyote viwili. Nitaweka tangazo la wiki nane kwa mzazi, kama alivyosema kijana, nione nani atalipa.

Lililonikaa kichwani ni la sauti. Naanza kurekodi wiki hii, za boda kwanza: kiuno na mabega, mtu akiwa kijiweni. Mwalimu, daftari la nani amebaki na kwa nini nalifungua leo.

Fizio, swali dogo: jogging zetu watu wanaimba mwanzo mwisho. Hiyo inahesabika kuwa mazoezi ya wastani?

#26 FizioMstaafu
Kipimo rahisi: kwenye mazoezi ya wastani mtu anaweza kuongea lakini kuimba kunamshinda. Anayeimba nyimbo nzima bila kukata pumzi yuko kwenye mepesi. Kwa anayeanza ni pazuri sana, msimnyang'anye nyimbo. Anayetaka zaidi mpe vipande vya kuharakisha kati ya wimbo na wimbo.

#27 MzeeWaMkwakwani
Kwa hiyo kiongozi wa nyimbo ndiye asiyefanya mazoezi! Nimejua sasa kwa nini hapungui.

#28 AbuuMaskati
Kocha, Muscat umeturuka. Nina watu sita tayari, wanalipa kwa mwezi, wanataka jioni. Ukichelewa nampa namba zao mtu wa Mombasa.

#29 UstadhiNgamiani
Abuu usimtishe mtoto. Kocha, hao sita wafundishe Ramadhani ijayo, utakuwa umeunga langu na lake.

#30 DukaLaMadera
Vijana, boda, Muscat, kina mama kupitia dada. Kaka, ulikuja na matatu unaondoka na manne. Chagua moja la kutangaza, mengine yahudumie kimya kimya.

#31 MwalimuPongwe
Mwache yawe manne. Daftari litampunguzia.

#32 NesiWaZamu
Na watu wa zamu nao wametajwa mara moja wakaachwa. Kocha, nikupe picha ya wiki yetu ili ukirekodi sauti za boda utufikirie. Zamu ya usiku ikiisha asubuhi sitaki mbio, nataka dakika kumi za kunyoosha miguu na mgongo, kisha nilale. Nikiamka alasiri, hapo ndipo nipe skwati, pushapu za ukutani na kunyanyua dumu la maji, nusu saa inatosha. Siku ya mapumziko ndiyo ndefu, ila isiwe alfajiri. Ratiba isiandike "Jumatatu, Jumatano, Ijumaa", kwa sababu Jumatatu yangu inahama kila wiki. Andika "siku ya usiku", "siku ya mchana", "siku ya mapumziko". Ukituma hivyo tu, wodi nzima itaomba namba yako. Bei weka sawa na ya boda au chini kidogo, mwisho wa mwezi ndio tunalipa.